Fedha za ufundi zinapita wapi? Kuisoma bajeti ya vyuo vya kati kutokea Dodoma

Kila mwaka kati ya Aprili na Juni, mijadala ya bajeti ikipamba moto bungeni Dodoma, swali hili hurudi: Serikali inatumia shilingi ngapi kwa ufundi na vyuo vya kati? Mwenye haraka hufungua Fungu 46, yaani Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, akatafuta mstari wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kuutaja. Tarakimu yenyewe ni halali, lakini imejibu swali jingine. Imesema VETA imepangiwa kiasi gani na wizara yake mama, basi. Fedha za ufundi kwa jumla zimetawanyika kwenye mafungu ya wizara nyingi. Zipo zinazoingia kwa mlango wa tozo ya mwajiri, na zipo ambazo hazijawahi kuwa ruzuku hata siku moja, kwa kuwa zimetoka mfukoni mwa mzazi.

Mkoa wa Dodoma na jirani yake Singida vinatosha kuonyesha mtawanyiko huo. Chuo cha VETA cha mkoa kinasoma Fungu 46. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa, navyo sasa viko Elimu, ingawa kwa miaka mingi vilikuwa chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Hapo hapo Mpwapwa kuna chuo cha ualimu, ambacho ni cha Elimu, na kampasi ya LITA inayofundisha mifugo, ambayo bajeti yake imo Fungu 99 la Mifugo. Hombolo kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, mtoto wa TAMISEMI. Chuo cha Biashara, CBE, kiko upande wa viwanda na biashara. Taasisi ya Uhasibu kampasi ya Singida iko upande wa fedha. Vyuo vya uuguzi na tabibu vya Serikali ni vya Fungu 52, Afya. Mtu anayejumlisha fedha za vyuo vya kati kwa kufungua fungu moja tu ni kama anayehesabu ng'ombe wa kijiji kizima kwa kuchungulia zizi moja.

Ugumu hauishii hapo. Baadhi ya taasisi hizi hufundisha cheti, stashahada na shahada ndani ya majengo yale yale, kwa wahadhiri wale wale. CBE ni mfano, na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini pale Dodoma ni mfano mwingine. Kitabu cha bajeti kinakupa mstari mmoja wa mishahara, hakikuambii mhadhiri yupi amefundisha cheti saa ngapi. Ukitaka kutenga sehemu ya vyuo vya kati, huna budi kugawa kwa makisio. Njia inayotumika sana ni kugawa gharama kwa idadi ya wanafunzi wa kila ngazi, na hiyo ina kasoro yake: inachukulia kwamba wanafunzi wote wana gharama sawa. Mwanafunzi wa cheti cha uhasibu anahitaji dawati, kitabu na mwalimu. Wa stashahada ya mifugo anahitaji ng'ombe anayekula kila siku, hata likizo.

Jedwali za kimataifa nazo zina mtego wake. Mfumo wa kupanga matumizi ya Serikali kwa kazi, unaofahamika kama COFOG, una mstari wake namba 09.3 wa elimu ya baada ya sekondari isiyo ya juu. Kwa jina tu mtu angedhani ndiyo VETA hiyo. Sasa angalia sifa za kujiunga: fani nyingi za ufundi stadi humpokea aliyemaliza darasa la saba. Mafunzo ya namna hiyo, kwa vigezo vya UNESCO, hayawezi kuitwa ya baada ya sekondari, kwa hiyo fedha zake zinaweza kuangukia mstari wa sekondari. Upande wa pili, stashahada ya miaka mitatu inaweza kupangwa kwenye elimu ya juu ya muda mfupi. Mstari wa katikati unabaki mwembamba, na msomaji anahitimisha kwamba nchi haijali ufundi, wakati aliyebadilika ni mpangaji wa jedwali.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu kiasi, taja ngazi. Hapa Tanzania NACTVET, baraza linalosimamia ufundi na ufundi stadi, lina makundi mawili ya ngazi yanayofuatana: tuzo za ufundi stadi za kwanza hadi ya tatu, ambazo ndizo zilizochukua nafasi ya ile mitihani ya grade tuliyoizoea, halafu ngazi za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, ambako ya 4 na ya 5 ni cheti na ya 6 ni stashahada. Mtu akisema “ufundi” bila kutaja ngazi, mnaweza kubishana saa nzima kila mmoja akiwa na chuo chake kichwani.

Tozo ya mwajiri

Chanzo kinachowachanganya watu kuliko vyote ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wahasibu wote huiita SDL. Imejengwa juu ya wazo kwamba mwajiri ndiye anayevuna fundi aliyefundishwa, basi achangie kumfundisha. Ilikuja sambamba na sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mwajiri hujumlisha malipo ghafi ya wafanyakazi wake wote kwa mwezi, pamoja na posho na malipo ya saa za ziada, kisha hutoa asilimia iliyowekwa na kuilipa TRA, mamlaka ya mapato, si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi hakatwi. Wapo waajiri wanaoikata kwenye mshahara wakidhani ni ndugu yake PAYE, kodi ya mshahara, na hilo ni kosa.

Asilimia yenyewe imekuwa ikishuka. Ilikuwa 6, ikawa 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, baadaye 4, kisha 3.5 kuanzia Julai 2023. Idadi ya wanaoguswa nayo imepungua: hadi 2021 ilimhusu mwenye wafanyakazi wanne na kuendelea, tangu hapo ni kumi na kuendelea. Karakana ya alumini yenye watu tisa haidaiwi senti.

Tuchukue kampuni ya ujenzi yenye wafanyakazi 12, jumla ya malipo ghafi shilingi 7,200,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 3.5, SDL ni shilingi 252,000. Malipo hayo hayo kwa kiwango cha zamani cha asilimia 6 yangezaa 432,000. Halafu kuna mgawanyo, ambao wengi hawaujui: theluthi moja tu ndiyo inayotengwa kwa ajili ya VETA. Katika zile 252,000, hizo ni 84,000. Zilizobaki, 168,000, huingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na kwa miaka mingi sehemu kubwa imeelekezwa kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Waajiri wameulalamikia mgawanyo huu mara kwa mara, na mimi naona wana hoja: jina la tozo linasema ufundi stadi, theluthi mbili zinasema vinginevyo. Serikali nayo hujibu kwamba mhandisi pia ni ujuzi. Jibu hilo lina ukweli wake, ila halimsaidii mkufunzi wa bomba anayesubiri mabomba.

Misamaha nayo ina uzito wa pekee kwa mikoa ya kati. Mwajiri wa shambani amesamehewa kwa wafanyakazi wanaofanya kazi ya shamba yenyewe. Wa menejimenti na wa usindikaji hawamo kwenye msamaha huo. Kwa hiyo mwenye shamba la zabibu Hombolo halipi SDL kwa wanaopogoa na kuvuna, lakini akifungua kiwanda cha mvinyo, wanaokamua na kujaza chupa wanaingia kwenye hesabu. Shule na vyuo vilivyosajiliwa vimesamehewa, na Serikali yenyewe haijilipi tozo. Katika mkoa ambao waajiri wakubwa ni Serikali, kilimo na shule, mnachangia kidogo kuliko Dar es Salaam au Mwanza. Tozo ni ya kitaifa, inakusanywa huko na kugawanywa kwa bajeti, hivyo uchache wa viwanda Singida haumaanishi Singida isijengewe chuo. Ndiyo faida ya kuwa na mfuko mmoja.

Shilingi ikifika karakana

Ruzuku ya chuo huja kwa vichwa vitatu: mishahara, matumizi mengineyo (wenyewe wanasema OC), na maendeleo. Mishahara hulipwa moja kwa moja kwa mtumishi, na ndiyo kichwa kisichotetereka. Maendeleo ni majengo na mitambo. Karakana inaendeshwa na OC, na OC ndiyo ya kwanza kubanwa makusanyo ya Serikali yakilegalega. Chuo kinaweza kuwa na wakufunzi wanaolipwa vizuri, jengo jipya na mashine mpya, kikakosa vijiti vya kuchomelea.

Fani ya uchomeleaji ndiyo mfano mzuri wa kile kinacholiwa. Kijiti cha milimita 3.2 chenye urefu wa milimita 350 huwa karibu 30 kwa kilo. Kinaungua kwa dakika moja na ushee, na kipisi cha mwisho, kama sentimita tano, hutupwa. Mwanafunzi anayejifunza kulaza mshono anahitaji angalau vijiti 10 kwa kipindi, tena hapo ni kwa kubana. Darasa la wanafunzi 20 linamaliza vijiti 200 kwa kipindi, karibu kilo 7. Vipindi vitatu kwa wiki ni kilo 20, sawa na maboksi manne ya kilo tano. Kwa wiki 12, kilo 240. Ukiweka bei ya shilingi 6,000 kwa kilo, unapata 1,440,000, bila vyuma vya kuchomelea, bila mawe ya gurainda, bila umeme wa Luku ambao mashine za kuchomelea zinaumeza kama maji.

Linganisha na ada. Kwa miaka mingi ada ya mwaka katika vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Wanafunzi 20 wa kutwa wanaleta 1,200,000 kwa mwaka mzima. Vijiti peke yake, kwa wiki 12, vimeshavuka. Ada hiyo imewekwa chini kwa makusudi ili mtoto wa mkulima wa Bahi asome, na ni sawa. Bei nafuu kwa mzazi inamaanisha kuna mwingine anayelipa, na asipolipa kwa wakati mafunzo kwa vitendo hugeuka kuwa mkufunzi anachomelea, wanafunzi ishirini wanatazama.

Wakufunzi wenye uzoefu wana mbinu zao za kunyoosha bajeti. Kwenye uashi, ukuta wa mazoezi hujengwa kwa udongo wa chokaa badala ya saruji, ubomolewe jioni na matofali yasafishwe yatumike kesho. Ushonaji huanza na karatasi za kaki kabla ya kitambaa. Umeme wa majumbani, waya huvuliwa kwenye ubao na kurudishwa kwenye kreti mpaka uwe mfupi kiasi cha kutofika swichi. Useremala hauna huruma hiyo: ubao uliokatwa vibaya hauunganiki. Ndiyo maana gharama za fani hazilingani, na ruzuku inayogawanywa kwa kichwa cha mwanafunzi bila kuangalia fani inaumiza fani za moto na mbao, huku ikisukuma vyuo kufungua madarasa ya kompyuta na uhazili kwa sababu ni rahisi kuyaendesha.

Kuna tatizo la kalenda pia, dogo kwa macho lakini linauma. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mwaka wa mafunzo wa VETA unaanza Januari. Darasa linaloingia Januari linaishi katika bajeti mbili: miezi sita ya kwanza linakula mabaki ya bajeti inayoelekea ukingoni, na miezi sita ya mwisho linasubiri bajeti mpya ianze kutiririka. Juni ikikaribia malipo hufungwa, Julai mfumo unafunguliwa upya, na kwa wiki kadhaa hakuna kinachotoka. Mkuu wa chuo mzoefu hununua mali ghafi za Julai na Agosti mapema, Aprili au Mei. Asiye mzoefu husahau mara moja tu.

Ununuzi wenyewe unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na malipo kwenye mfumo wa MUSE. Faida ni kwamba kila ankara ina nyayo. Usumbufu ni kwamba mwenye duka la vifaa pale Majengo, Dodoma mjini, ambaye bei yake ni nzuri na yuko umbali wa kutembea, haingii kwenye ushindani kama hajajisajili kwenye mfumo. Chuo kinaishia kununua kwa aliyesajiliwa, wakati mwingine kwa bei ya juu na kutoka mbali. Dawa ni ndogo: chuo kiwasaidie wauzaji wa jirani kujisajili kabla ya mwaka wa fedha kuanza, si siku vijiti vinapokwisha.

Majengo yanaonekana, mengine hayaonekani

Miaka ya karibuni sehemu kubwa ya fedha za maendeleo imekwenda kwenye ujenzi. Kwa fedha za UVIKO-19 Serikali ilikamilisha vyuo 25 vya wilaya na vinne vya mikoa. Kuanzia bajeti ya 2022/23 ikaanza vingine 64: 63 vya wilaya ambazo hazikuwa navyo na kimoja cha Mkoa wa Songwe. Vyuo 54 vya Maendeleo ya Wananchi vilikarabatiwa, na hapa Dodoma chuo cha ufundi kimejengwa Nala, kwenye barabara ya kwenda Singida.

Ujenzi wa vyuo vya wilaya umefanywa zaidi kwa fosi akaunti, yaani taasisi inanunua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa eneo hilo bila mkandarasi mkuu. Fedha huingia kwa awamu, kamati za ujenzi, ununuzi na mapokezi huundwa, fundi analipwa kwa hatua: msingi, boma, paa, umaliziaji. Ni nafuu. Panapokwama mara nyingi ni kati ya boma na paa: fedha za awamu ya pili zikichelewa miezi minne, bei ya nondo na bati inakuwa imeshapanda, makisio ya awali hayatoshi tena, na boma linanyeshewa. Kosa jingine ni kukadiria gharama za saruji kwa bei ya mjini na kusahau usafiri hadi wilaya ya mbali kama Chemba.

Tunachokisahau tunapopiga picha uzinduzi ni kwamba kila jengo jipya linazaa gharama ya kudumu kwenye kichwa kingine cha bajeti. Chuo cha wilaya chenye fani tano kinahitaji wakufunzi, mlinzi, mpishi kama kina bweni, umeme, maji na ile OC ya vijiti na mbao. Ujenzi ni fedha za maendeleo, mara nyingine za mkopo. Uendeshaji ni fedha za kawaida za ndani. Hivyo anayetaka kujua kama Serikali imepanga kwa dhati asitazame mstari wa ujenzi. Atazame kama OC ya mafunzo imeongezeka mwaka ule ule vyuo vinapofunguliwa.

Mikopo ya stashahada nayo inachafua hesabu. Tangu 2023/24, Bodi ya Mikopo inakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Kwenye bajeti yetu mikopo ya wanafunzi huwekwa upande wa maendeleo wa Fungu 46. Kwa takwimu za fedha za kimataifa, mkopo unaotarajiwa kurudishwa hauhesabiwi kama matumizi, unahesabiwa kama mali. Ukilinganisha tarakimu yetu na ya nchi nyingine bila kuondoa mikopo, umelinganisha mbuzi na gunia la mahindi.

Kumbuka pia mkondo wa amali ulioingia sekondari kwa mtaala mpya. Walimu wake na karakana zake, kwa shule za Serikali, hulipiwa kupitia halmashauri na mikoa. Kwa Dodoma maana yake ni Fungu 72. Ni ufundi, ila kwa vigezo vyote ni sekondari. Na programu ya kukuza ujuzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ile ya uanagenzi na kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani, ina fungu lake tofauti kabisa.

Kwa anayetaka kufuatilia chuo kimoja tu, kazi ni fupi. Chukua Kitabu cha Pili cha bajeti kwa matumizi ya kawaida na cha Nne kwa maendeleo, uandike kilichoidhinishwa. Kisha tafuta kilichotolewa, ambacho waziri hukitaja kwenye hotuba ya mwaka unaofuata, kwa kawaida hadi Februari au Machi na si mwaka mzima, kwa hiyo usikilinganishe na bajeti ya miezi kumi na miwili. Halafu ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, inayokabidhiwa kwa Rais kila Machi, ina kilichotumika na hoja zake. Mwisho, ongeza mapato ya ndani ya chuo: ada, kozi fupi, na meza na madirisha ambayo karakana imetengenezea wateja. Hizo hulipwa kwa kontroo namba na zina kumbukumbu. Ukishaweka tarakimu hizo nne kwenye karatasi moja, uliza ofisi ya chuo swali la tano: mwezi Julai na Agosti, karakana ilikuwa na kilo ngapi za vijiti stoo?